Kuku Hana Jumapili

Kuna watu wana midomo myepesi. Mtu anakukuta umeinama na beleshi, maranda mpaka kwenye nywele, halafu anakwambia, "Aa, kuku si wanajifuga tu! Asubuhi unawamwagia punje, jioni unaokota mayai." Usibishane naye. Mpe beleshi.

Kazi yenyewe siyo inayochosha. Kinachochosha ni kwamba kuku ana kalenda yake, na hiyo kalenda haina sikukuu, haina harusi, haina kikao cha ukoo wala siku umeamka na homa. Chanjo ikiangukia siku ya saba, ni siku ya saba. Maji yakiisha saa sita mchana, yameisha saa sita mchana. Wewe ndiye utakayejipanga.

Tuanze na jogoo, maana yeye ndiye hujianza mwenyewe. Tulidanganywa kwamba huwika akiona mwanga. Angekuwa anasubiri mwanga tungemsamehe! Mwaka 2013 watafiti wa Japani waliwaweka majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika usiku na mchana, na bado waliwika kwa mzunguko wa karibu saa 24, kwa sababu saa yao imo mwilini. Kwa hiyo kuziba dirisha la banda kwa gunia ni kujifariji tu. Mwaka 2015 wakaonyesha kwamba jogoo mwenye cheo ndiye huanza, wadogo wanasubiri zamu zao kwa adabu. Maana yake ni kwamba ukimwondoa mkubwa kwa hasira za alfajiri, aliye chini yake anapanda cheo na kelele zinaendelea bila hata siku moja ya maombolezo. Na mtetea hutaga vizuri tu hata kama hajawahi kuona jogoo maishani. Mayai hayataanguliwa, basi. Kama hutaki vifaranga, huyo anayekuamsha hana kazi yoyote hapo nyumbani. Ukivitaka, mmoja anawatosha mitetea kumi. Wawili ni kutafuta ugomvi, na ugomvi wenyewe utasuluhisha wewe ukiwa na kandambili.

Haya, umeamka, lisha. Kuku wa mayai aliyekomaa hula kama gramu 120 kwa siku. Kuku kumi ni kilo 1.2, mwezi mzima ni kilo 36. Hesabu safi, inapendeza kwenye daftari. Ila hiyo ni hesabu ya chakula kinachoingia tumboni. Kinachoingia kwenye maranda kina daftari lake.

Wahenga walisema kifaranga hafundishwi kuchakura, lakini wahenga hawakuwa wakinunua chakula cha mfuko. Kuku akisimama mbele ya lishio lililojaa, la kwanza analofanya si kula. Anachambua. Anapiga mdomo kushoto, anapiga kulia, unga unaruka nje kama mtu anapepeta, anatafuta punje moja ya mahindi aliyoiona ndotoni. Akiipata, anaondoka. Unga uliobaki chini unachanganyika na kinyesi, usiku panya wanakuja kusafisha, na panya akishapajua mahali hahami. Dawa ya hili si kumpigia kelele. Lishio linajazwa theluthi moja tu, lisizidi nusu. Ukingo wake uwe na mdomo uliojikunja kwa ndani, na uuweke usawa wa mgongo wa kuku akiwa amesimama. Chini ya hapo anachakura ndani, juu ya hapo wadogo hawafiki. Mbao mbili na kamba ya kuninginiza zinatosha. Kila baada ya wiki mbili pandisha kamba kama kuku bado wanakua, maana kimo cha mwezi uliopita kimeshakuwa cha magotini. Tena kila kuku apate nafasi ya sentimita 10 hivi za ukingo. Ukiwabana, wanyonge wanakula mabaki, wanakonda, halafu unaanza kuwanunulia dawa za minyoo ambayo hawana.

Na chakula kina umri. Hapa ndipo mtu anaamua kubana matumizi: "Kuku ni kuku, wote watakula cha kutagia." Thubutu! Chakula cha kuku wa mayai kina kalisiamu ya kama asilimia 3.5 hadi 4, kwa ajili ya ganda. Kifaranga hatengenezi ganda lolote. Ile kalisiamu inakwenda kumharibia figo, na utakapogundua umeshachelewa. Kifaranga anataka protini ya asilimia 18 hadi 20, anayekua anashuka hadi 15 au 16, anayetaga anarudi 16 au 17 pamoja na kalisiamu yake. Mifuko mitatu tofauti kwa ndege ambaye akifunguliwa mlango anakimbilia kula mjusi.

Maji usiniulize. Au niulize kidogo. Kuku kumi hunywa kama lita mbili na nusu kwa siku ya kawaida, na joto likipanda yanafika lita tano. Yai lenyewe karibu robo tatu ni maji, kwa hiyo kuku aliyekosa maji siku moja anakuadhibu kwa siku kadhaa. Unaosha chombo, unasugua utelezi, unajaza maji safi, unainua juu ya tofali kufikia usawa wa mgongo ili wasichakurie uchafu ndani. Unarudi nyuma hatua mbili kujipongeza. Kuku anakipita chombo, anakwenda kwenye kidimbwi cha matope nyuma ya banda, anakunywa huku anakutazama. Kifukie hicho kidimbwi. Hakuna njia nyingine, yeye hashauriki.

Sasa mayai, maana ndiyo yaliyotuleta. Mtu anapiga hesabu: kuku kumi, mayai kumi kwa siku, siku thelathini, mayai mia tatu. Lo! Kuku hana siku ya saa 24. Yai moja huchukua saa 24 mpaka 26 kutengenezwa, na kama saa 20 kati ya hizo ni za ganda peke yake. Yai likishatoka, kiini kingine huachiliwa baada ya kama nusu saa hivi. Kwa hiyo leo anataga saa mbili asubuhi, kesho saa tatu, keshokutwa saa nne na kitu, anasogea hivyo hivyo kama mfanyakazi mchelewaji. Akishafika alasiri, mwili unakataa kuachia kiini kipya saa hizo, siku inapita bila yai, halafu anaanza upya asubuhi. Si mgonjwa wala hajarogwa. Na anataka saa 14 hadi 16 za mwanga kwa siku ili aendelee kutaga vizuri. Mchana ukiwa mfupi anapunguza, isipokuwa umwekee taa. Halafu kuna kunyonyoka. Akifikisha kama mwaka na nusu anaweza kuacha kabisa kwa wiki 8 hadi 12, manyoya yanadondoka, anatembea kama mto uliopasuka, anakula kama kawaida. Manyoya karibu yote ni protini, kwa hiyo ndio wakati wa kumwongezea, si wa kumpunguzia eti kwa kuwa hatagi.

Viota navyo ni kesi. Kitaalamu kiota kimoja kinatosha kuku wanne au watano, boksi la sentimita 30 kwa 30 kwa 30, lenye giza na nyasi kavu. Unatengeneza vitatu vinavyofanana kama mapacha. Wote wanakitaka kimoja. Foleni inaanza, aliye ndani hana haraka, wa pili anachoka anaingia juu yake, mayai yanagongana, moja linapasuka. Hapo ndipo balaa linapozaliwa, kwa sababu kuku akishaonja yai amejua kuna chakula ndani. Kesho halisubiri lipasuke.

Utaambiwa toboa yai, tia pilipili, atakoma. Nani kakwambia? Ndege hawausikii ukali wa pilipili kama sisi. Utakuwa umemwekea kiungo. Kinachosaidia ni kuokota mayai mara mbili au tatu kwa siku, kutundika kipande cha gunia mlangoni mwa kiota ili kuwe na giza, na kuweka yai bandia, hata jiwe la mviringo au mpira wa gofu, alidonoe mpaka mdomo umuume. Weka pia chombo cha pembeni chenye maganda ya chaza au chokaa ya mifugo, kila mtu ajichotee, maana ganda moja linabeba kama gramu mbili za kalisiamu na ganda laini ndilo linalopasuka. Ukitumia maganda ya mayai ya jikoni, yakaushe kwa moto uyasage yapoteze sura ya yai. Usimpe kipande kizima, utakuwa unamfundisha somo lile lile unalomkataza. Akiendelea, inamisha sakafu ya kiota iteremke kidogo ili yai libingirike nyuma, mahali asipofika mdomo. Na hakikisha vichanja vya kulalia viko juu kuliko viota. Kuku hulala mahali pa juu kabisa anapopaona, na akilala kiotani, atajisaidia kiotani.

Halafu kuna yule anayeatamia. Ukitaka vifaranga, hakuna anayeatamia hata umwimbie. Usipovitaka, mmoja anajibandika kwenye kiota, anavimba kama mto, ukisogeza mkono anakudona. Chini yake hamna kitu. Anaatamia imani. Ukimwacha atakaa siku 21 na zaidi, hatagi, hali vizuri, na anazuia foleni. Mtoe umweke kwenye kizimba chenye sakafu ya waya, kilichoinuliwa hewa ipite chini, bila nyasi, na chakula na maji yake, siku tatu au nne. Tumbo likipoa, akili inarudi. Ukimwonea huruma siku ya pili ukamrudisha, umeanza upya.

Lakini mayai, kelele, chakula, hayo yote ni utani. Shughuli ni kideri, wengine tunaita mdondo. Waingereza waliupa jina la mji wao wa Newcastle, ulikoonekana mwaka 1926, na tangu hapo umeshatembea dunia nzima bila nauli. Kuku anajikunyata, mabawa chini, kinyesi cha kijani, anahema kwa mdomo, wengine shingo inapinda inatazama nyuma. Hauna dawa. Nasema tena kwa yule anayekuja na majani, majivu na kidonge cha binadamu: hauna dawa, una chanjo tu, na chanjo ni ya kuku mzima, siyo wa jana anayesinzia leo.

Chanjo yenyewe ndiyo inayoonyesha nani bosi. Vifaranga huchanjwa kwa mara ya kwanza kama siku ya saba, kisha kurudia wiki ya tatu au ya nne, halafu kila baada ya miezi mitatu hivi, kutegemea aina. Nyingi hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ukiibeba kwenye mfuko wa shati juani, umebeba maji ya rangi. Chupa mara nyingi ni ya dozi mia na wewe una kuku kumi, na ukishaichanganya haiwekwi akiba mpaka kesho. Dozi tisini zilizobaki zinakuuma roho. Ita majirani wenye kuku, mchange, mchanje siku moja. Ni nafuu, na tena kuku wa jirani asiyechanjwa ndiye atakayekuletea ugonjwa.

Ya matone, unamshika kuku, unamlaza ubavu, tone moja kwenye jicho, unangoja apepese macho liingie. Ukimwachia kabla, anatikisa kichwa, tone liko kwenye shati lako, umechanjwa wewe. Fanya hivi usiku au alfajiri, kuku gizani haoni vizuri na hushikika kirahisi. Mchana utakimbia uwanja mzima na mtaa utapata burudani. Ya maji ya kunywa ina masharti yake: ondoa maji saa moja au mbili kabla ili wawe na kiu, vyombo visiwe vimeoshwa kwa dawa, maji yasiwe na klorini, na unga wa maziwa yasiyo na mafuta, gramu mbili hivi kwa lita, huongezwa kuilinda. Iwe imeisha ndani ya saa mbili. Yule mnyonge anayesukumwa kwenye chombo hatakunywa, ndiye atakayeumwa, halafu utasema chanjo ilikuwa feki. Weka vyombo viwili au vitatu.

Gumboro nayo ipo, imebeba jina la eneo moja la Delaware huko Marekani, ikaelezwa mwaka 1962, inapenda vifaranga wa wiki tatu hadi sita na kuwavunja kinga. Ina chanjo yake, na tarehe zake hazifanani na za kideri. Ndiyo maana nasema kalenda.

Vifaranga wa kulea bila mama, hapo usingizi uage. Wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unashusha kama nyuzi tatu kila wiki. Kipimajoto ni kizuri, lakini vifaranga wenyewe wanasoma vizuri zaidi: wakirundikana chini ya taa wakilia, wana baridi, wakijitenga mbali, mabawa wazi, midomo wazi, umewachoma, wakijazana upande mmoja, kuna upepo unaingia. Wakitawanyika kama watu kwenye soko lililopoa, nenda kalale. Boksi liwe la mviringo au pembe uzizibe kwa kadibodi, maana wakiogopa hukimbilia konani, na wa chini hufa kwa kukosa hewa. Maji yao yawe ya kina kifupi, na kokoto ndani. Kifaranga anaweza kuzama kwenye kisahani. Ukitumia jiko la mkaa, acha hewa ipite juu, kwa sababu moshi usioonekana unaua kimya kimya, vifaranga kwanza, na wewe uliyesinzia hapo hapo baadaye.

Maranda. Chota konzi, kamua. Likishikamana kama donge, lina maji mengi, na hapo kuhara damu kunastawi. Likitawanyika vumbi tupu, ni kavu mno, vifua vitawasumbua. Linatakiwa lishikane kidogo halafu livunjike. Pua nayo itumie, lakini inama mpaka kimo cha kuku. Ukisimama wima hewa ni nzuri, wao chini macho yanawawasha. Mara nyingi kosa ni chombo cha maji kinachovuja, siyo maranda.

Mgeni akija, wahenga walishasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba haitoshi. Mtenge wiki mbili hadi nne uone kama kaja na mzigo wa magonjwa, kisha waonane kupitia waya kwa wiki, kisha umwingize usiku, na uongeze lishio la pili. Hata hivyo atadonolewa. Mnorwe mmoja, Schjelderup-Ebbe, aliandika mwaka 1921 kwamba kuku wana ngazi ya nani anamdonoa nani, na tangu hapo hawajaibadilisha. Akidonolewa hadi damu, mtoe haraka. Damu ikionekana, hata rafiki anageuka.

Kuhusu wavu, ule mwepesi wa tundu kubwa humzuia kuku asitoke, haumzuii mwizi asiingie. Panya hupenya tundu la upana wa kidole gumba. Waya mzito wa tundu la milimita 12, uufukie sentimita 30 chini ardhini, na mlango uwe na komeo la kweli, siyo kipande cha kamba.

Halafu usiku, ukidhani umemaliza, chukua tochi na kitambaa cheupe. Pitisha kitambaa chini ya kichanja. Kikitoka na alama nyekundu, una utitiri. Hawa mchana hawako kwenye kuku, wamejificha kwenye nyufa za mbao, usiku wanapanda kunyonya. Ndiyo maana mtu anampaka kuku dawa mwezi mzima bila nafuu: anamtibu mlalaji, kitanda kakiacha. Toa vichanja, mwaga maji ya moto kwenye viungio na nyufa, piga dawa ya banda, na baada ya siku saba rudia, kwa sababu mayai yao yalikuwa salama siku ile ya kwanza. Siku saba, si kumi na nne ulipopata nafasi. Chawa ndio wanaokaa kwenye manyoya; hao watafute chini ya mkia.

Magharibi, kabla ya komeo, unahesabu. Tuseme una kuku kumi na wawili. Unapata kumi na mmoja. Unazunguka banda, unamulika juu ya mti, chini ya mkokoteni, kwenye ndoo. Unarudi unahesabu tena polepole, kwa kidole. Kumi na watatu. Yule wako alikuwa kiotani, anaatamia imani. Huyo wa kumi na tatu ni wa yule jirani uliyeshindwa kumshawishi aje kwenye chanjo, na sasa amelala kwenye kichanja chako, katikati, mahali pa cheo, na anakutazama kama wewe ndiye mgeni.